Ukurasa wa Themanini na Tatu

Tanuri la kiwanda chetu cha chupa lilihesabiwa kuchakaa kwa miaka kumi. Kila mwaka mimi, mhasibu mkuu, nilikata sehemu ya kumi ya bei yake kwenye faida. Lilipotimiza miaka minane, mkurugenzi aliniuliza kama sheria inaruhusu kuhesabu kumi na sita. Inaruhusu, mradi makadirio yawe na msingi na yaelezwe. Msingi ulikuwepo: kijitabu cha mtengenezaji kilisema kumi hadi kumi na sita.

Fundi wa tanuri alicheka. "Basi na mimi nikadirieni upya. Mgongo huu bado una thelathini."

Nikasaini. Makato ya kila mwaka yakapungua na faida ikapanda kwa robo, ingawa pesa benki hazikuongezeka hata senti. Sababu tuliichapisha katika ukurasa wa themanini na tatu wa ripoti. Sokoni, hisa zetu zilitoka arobaini zikafika hamsini na saba kwa wiki mbili.

Kaka yangu, muuguzi, alikuwa amestaafu mwezi huohuo. Kiinua mgongo chake kilikuwa cha kufungulia zahanati ya chumba kimoja, akisubiri kibali. Alinipigia simu.

"Bwana mahesabu, hizo hisa zenu nizinunue?"

"Sheria hainiruhusu kukushauri, kaka. Soma ripoti yote."

"Kurasa mia na kumi? Nimestaafu, sijafungwa." Akacheka. "Si wewe unayeandika hizo hesabu? Mchawi mpe mwana amlee."

Ningeweza kumtajia ukurasa. Ulikwisha kuchapishwa, yeyote alikuwa na haki ya kuusoma. Nilikuwa na kikao, nikaaga.

Alinunua kwa hamsini na sita, kwa pesa yote.

Mwaka uliofuata tanuri lilipasuka. Hapo sheria haikutuachia la kuchagua: thamani yote iliyobaki vitabuni ilifutwa kwa mkupuo. Bei ya hisa ikaanguka hadi kumi na tisa. Wakaguzi walithibitisha kwamba hatukukiuka kifungu chochote. Ni kweli.

Nilimkuta kaka katika hospitali binafsi, alikorudi kufunga vidonda kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kibali kilikuwa kimetoka. Kodi ya chumba ilimshinda. Alikuwa akikunja bandeji.

"Ule ukurasa wenu nimeusoma sasa. Nieleze kama mimi ninavyomweleza mgonjwa. Miaka kumi ilikuwa halali?"

"Halali."

"Na kumi na sita?"

"Halali pia."

"Nani alichagua?"

"Mkurugenzi alitaka. Niliyesaini ni mimi."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayesoma kipimajoto. Hakupandisha sauti.

"Shemeji yako anadhani nimerudi kazini kwa kuchoka kukaa nyumbani. Hisa anaamini zipo palepale. Akikuuliza, nyamaza. Hilo najua unaliweza, mdogo wangu."

Akachukua sinia la dawa, akaingia wodini.