Mbegu Zilizooshwa

Mama Adelaïde alikuwa amekifudikiza kinu chake nyuma ya nyumba, huko Pinga, na hakuna aliyeweza kumshawishi akigeuze.

Yalianzia kwa binti yake, Emérita, anayesomea Goma mambo ya protini. Alimwomba mama mbegu za papai, zile alizozoea kutwanga na kuwabandika watu kwenye vidonda. Akazisaga labo, kwenye maabara yao, akatoa protini, akaitia katika sahani ya vijidudu. Kama ina nguvu, huonekana duara safi ambamo vijidudu vimekufa. Wapi! Vilistawi kwa raha zao. Mama alipopiga simu kuuliza, binti akamjibu bila hata kulainisha: "Mama, haina nguvu."

Tangu hapo Mama Adelaïde akawa anawarudisha wagonjwa mlangoni. "Kumbe nilikuwa nadanganya watu," alimwambia jirani, na neno hilo likamfikia Emérita. Lilimchoma. Akapanda pikipiki kwenda Pinga, akafika amejaa matope, hajui hata ataanzia wapi kuomba radhi.

Alimkuta mama anapasua papai. Mbegu zilitoka na utelezi wake. Emérita akashangaa, maana zilizomfikia Goma zilikuwa safi, zinang'aa.

"Mama, zile za kwangu ulizifanya aje?"

"Nilizisafisha muzuri! Nilizimwangia maji yenye inachemuka, mpaka utelezi ikaisha. Naweza pelekea ba-profesere vitu ya kunata-nata? Ningesikia haya."

"Na zenye unawekea watu?"

"Zile natwanga tu vile ziko. Watu ya hapa tumezoeana."

Emérita alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Protini huiva kwa moto kama yai, na ikishaiva nguvu yake hupotea. Alipoelezwa hivyo, mama akajifunika uso kwa kitenge. Safari hii alizianika mbegu kivulini na uchafu wake, huku akinung'unika kwamba Goma watamwona mwanamke asiyejua kuosha.

Zilipojaribiwa tena labo, huko Goma, duara likatokea. Dogo, upana wa kucha, lakini safi. Emérita akapiga simu papo hapo.

"Ndiyo kusema nigeuze kinu?" mama akauliza.

"Geuza, Mama. Lakini mwenye kidonda ya kuoza, umutume kwanza ku sentre ya afya. Unanisikia?"

Simu ilikuwa imeshawekwa chini bila kukatwa, na kwa mbali Emérita akasikia mchi ukianza kugonga.