Trei Namba Arobaini na Tatu

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Nikikuta unywele kwenye mboga, chakula kimeisha hapo. Mtu akipiga chafya karibu na mtungi wangu, maji namwaga yote, na kisima kiko mbali. Marehemu mume wangu alikuwa ananicheka, ananiita mke wa mzungu. Acheke tu huko aliko. Kinyaa hicho ndicho kilichonipa kazi ya ukaguzi wa pamba katika chama cha msingi cha ushirika hapa Nkoma, na kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na miwili.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mkulima analeta pamba, mkaguzi anaitazama. Ikiwa nyeupe, kavu, haina majani wala madoa ya wadudu, hiyo tunaiita safi. Ikiwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, hiyo ni fifi, inakwenda kwenye rundo lake na bei yake ya chini. Aliyenifundisha ni Mzee Limbu, mkaguzi wa kwanza hapa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ananisimamisha mbele ya rundo, ananiuliza, "Tumbo linasemaje?" Tumbo likijikunja, fifi. Likitulia, safi. Nilifika mahali gunia likiwa bado kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mdomo wazi, mimi nimeshajua.

Mwaka 1992, msimu wa ununuzi, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, anaitwa Benedikta. Binti mwembamba, miwani mikubwa, mpole kupita kiasi. Alisema anachunguza jinsi ubongo wa mtu unavyojifunza kuona kitu ambacho wengine hawakioni. Nikamwuliza, "Na kuna mtu anakulipa kwa hilo?" Akacheka. Akawa anashinda pale ghalani, anachota pamba kidogo kutoka kila gunia tunalolikagua, anaiweka kwenye trei ndogo yenye kifuniko cha kioo, anaandika namba. Zilipofika trei sitini, akazichanganya, akatuita mimi na Mzee Limbu, mmoja mmoja, tuzitaje upya bila kujua ipi ni ya nani. Mimi nikasema fifi ni thelathini na moja. Mzee Limbu akasema thelathini. Benedikta alishangaa mpaka akavua miwani. Akaandika yote kwenye daftari, akaondoka na masanduku yake.

Katika trei zile sitini, moja ilikuwa na pamba ya Mayunga.

Mayunga ni mdogo wangu, tumbo moja. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi. Siku alipoleta magunia yake watu walijaa ghalani kutazama kama nitamwonea aibu. Nikafungua gunia la kwanza. Mwee! Pamba ya manjano, majani makavu yamesagika humo ndani, madoa kila mahali. Tumbo likanipanda mpaka kooni. Nikasema, "Fifi, yote," kwa sauti ileile ninayowasemea wengine. Watu wakaguna. Mkutano uliofuata wakamvua uenyekiti, eti mwenyekiti gani anatuletea uchafu, na watoto wakaanza kumwita Baba Fifi. Wapo wanaomwita hivyo hadi leo. Tangu siku ile Mayunga hakukanyaga kwangu, miaka sita.

Halafu likaja hilo soko huria. Zikaingia kampuni tatu, nne, kila moja na wakala wake na mizani yake chini ya turubai. Wanagombania pamba kama kunguru kwenye utumbo. Sasa nani atakaa kutenga safi na fifi, na jirani yake anapokea yote? Ukimwambia mkulima ya kwako ni fifi, anafunga gunia, anavuka barabara. Na wakulima nao, sijui niwasemeje, wakashika mtindo. Wanamwagia pamba maji iwe nzito. Wanatia mchanga. Nimekuta mawe, nimekuta soli ya kandambili, nimekuta mavi ya mbuzi yamechanganywa vizuri kabisa, mtu alikaa chini akakoroga kwa mikono yake! Siku moja nikakuta panya, amekufa, amevimba, ananuka. Nilitapika palepale kwenye mizani. Wakala akaniambia, "Mama, tapikia pembeni, unaongeza kilo." Watu wakacheka. Ee, walicheka, na yule mwenye gunia alicheka kuliko wote.

Hayo niliyakuta kwenye mizani ya kampuni mojawapo, iliyoniajiri chama kilipolala kwa sababu ya jina langu. Wakaandika ubaoni: "Mkaguzi: Milembe." Kazi yangu ikawa kutoa mawe na mizoga tu, mengine yapite. Miezi ya kwanza nilikuwa nasugua mikono kwa majivu mpaka inachubuka, na chakula hakipiti. Baadaye kikaanza kupita. Nikamshukuru Mungu kwamba nimezoea.

Mwaka 1998 Kabula, binti wa Mayunga, akapata mchumba. Kabula nimemlea mimi. Mama yake aliugua baada ya kujifungua, mtoto akanyweshwa maziwa ya ng'ombe mikononi mwangu mpaka alipoota meno, na shangazi hana mwingine. Mayunga akatuma neno. Nije, nikae kwenye nafasi yangu, nimfunde binti, ila kwanza niseme mbele ya wazee wa ukoo kwamba mwaka ule nilimwonea. Neno moja tu. Nikamjibu siwezi. Nililia wiki nzima, namwaza mtoto wangu atakavyotoka nyumbani bila mimi, lakini nikasema potelea mbali, kuhusu pamba sisemi uongo. Pamba yake ilikuwa fifi.

Ndipo Benedikta akarudi. Sasa ni daktari wa hayo mambo ya ubongo, amenenepa kidogo, miwani ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetukumbuka?"

Alikuja na trei zake sitini, zimefungwa kwenye masanduku ya bati zisipigwe na mwanga. Anataka turudie kuzitaja.

"Ile ya Mayunga bado unayo?"

Akafunua daftari. "Ipo. Lakini sikwambii ni ipi."

"Nani kakuomba uniambie? Nataka umwite Mayunga aje anione nikiitoa mwenyewe kati ya sitini. Aone kama mimi ni mwonevu."

Alikataa. Akasema majibu ya mtu ni siri yake. Nikamwambia siri ni yangu na ninamruhusu, mimi nina harusi mbele yangu, yeye ana daftari tu. Akakubali kwa shingo upande.

Mayunga alikuja ghalani na wazee wawili wa ukoo, wakaketi juu ya magunia matupu. Hakunisalimia. Mzee Limbu naye alikuwepo. Yeye alistaafu mwaka 1993, kabla ya uchafu huu kuanza, na tangu hapo ni viazi vyake na mbuzi wake, pamba haigusi. Alikuwa ameshazitaja trei zote sitini asubuhi ileile, akabaki ameegemea mlango karibu na baiskeli yake. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akaitikia, akanitabasamia. Alikuwa anajivunia mwanafunzi wake.

Nikaanza. Kidole juu ya kioo, trei moja baada ya nyingine. Safi. Safi. Fifi. Safi. Nilikuwa nikijishaua, sikatai. Nilijua nikifika kwenye ya Mayunga tumbo litanipanda kama siku ile, na hapo nitaigonga trei mezani ili asikie. Nikafika ya thelathini, bado. Nikafika hamsini, bado. Nikamaliza sitini. Nikafikiri labda binti huyu ameisahau huko alikotoka.

"Mama," Benedikta akasema, na sauti yake sikuipenda. "Mwaka ule ulisema fifi ni thelathini na moja. Leo umesema tisa."

"Pamba imekaa. Imekuwa nyeupe."

"Pamba ikikaa inazidi umanjano," Mzee Limbu akasema kutoka mlangoni, na alikuwa hatabasamu tena. "Mimi leo nimesema thelathini na mbili."

Mayunga akasimama. "Na ya kwangu?"

Benedikta akanitazama. Nikamwashiria aseme. Akavuta trei namba arobaini na tatu, akaiweka mbele yetu. "Hii hapa. Mama amesema safi."

Niliinama, nikaitazama upya. Majani yalikuwepo. Madoa yalikuwepo, na ule umanjano. Nilikuwa nayaona yote, hakuna lililojificha, ila hayakuniambia kitu. Ilikuwa ni pamba tu, kama ninayoipokea kila siku chini ya turubai. Tumbo langu lilikuwa limetulia.

"Si uongo, wala si uzembe," Benedikta akasema, taratibu, kama anamweleza mgonjwa. "Jicho halina kipimo chake lenyewe. Linapima kwa kile linachokiona kila siku. Likiona uchafu miaka minne mfululizo, ule mpaka wa safi na fifi unasogea wenyewe, na mwenye jicho hana habari. Wakaguzi wengine saba nimewakuta hivihivi." Akanishika mkono. Nikauondoa.

Mayunga hakuwa anamsikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima yule, na wazee wanamtazama. "Dada, umesema safi. Umesema kwa mdomo wako. Basi ulinionea."

"Hakukuonea," Mzee Limbu akasema. "Niliiita fifi mwaka ule, na asubuhi hii nimeiita fifi. Milembe anajua."

"Mzee, wewe umri umeenda." Mayunga akanigeukia. "Dada, Kabula anakuulizia kila siku. Sema tu yaishe."

Kweli yenyewe nilikuwa nayo mdomoni. Mdogo wangu, pamba yako ilikuwa fifi, nilikuwa sawa, aliyeoza ni mimi wa leo. Lakini niliseme hilo mbele ya wazee wa ukoo, jina langu liko ubaoni pale nje? Na nikishalisema, Kabula anaondoka bila mimi. Nikamwona yule mtoto na maziwa kidevuni.

"Nilikuonea," nikasema.

Mzee Limbu akaita jina langu, mara moja tu, kwa sauti ya chini.

"Na mzee macho yake yamechoka," nikasema. "Msimsikilize."

Alinitazama vile alivyokuwa akitazama gunia zamani, kichwa amekilaza upande mmoja, hana haraka. Niliona jinsi mdomo wake ulivyojikunja. Akatema mate chini, akachukua baiskeli yake, akaondoka bila kuaga. Benedikta alikuwa anafunga masanduku, hakuinua uso. Mayunga alinikumbatia, na wazee wakasema sasa mambo ni mazuri.

Harusi ilifana. Nilimfunda Kabula siku tatu, nikamvisha, nikakaa kwenye nafasi yangu mbele ya watu wote. Na muda wote huo nilikuwa nangoja. Tangu pale ghalani nilikuwa nakingoja kile kichefuchefu changu ninachokijua tangu utoto. Nilijiambia kitakuja wakati Mayunga ananitambulisha kwa wakwe. Hakikuja. Nilijiambia kitakuja nikipita mbele ya nyumba ya Mzee Limbu. Nilipita, mlango ulikuwa umefungwa, nikawa nawaza kama nyama itatosha wageni.

Chakula kikaletwa. Kabula mwenyewe alininawisha mikono. "Kula, sengi," akasema, maana ndivyo wanavyotuita sisi shangazi, na macho yake yalikuwa yamejaa furaha. Nikala. Wali ulikuwa mzuri, nyama imeiva, mchuzi una mafuta yake juu. Katikati ya kula nikasikia kitu ulimini. Ulikuwa unywele, mrefu, si wangu. Nikauvuta kwa vidole viwili, nikaupangusa kwenye mkeka, nikamwomba Kabula aniongezee mchuzi.