Redio ya Baba Rahim

Eda imemkalisha Mwanakhamis hotelini Xiaobei, maana mumewe, Mwadini, baba yake Rahim, wamemzika juzi huku huku Guangzhou, Uchina. Eda ya ugenini, jamani, mtihani gani huu! Tangu asubuhi redio ya marehemu haijazimwa. Mwanakhamis Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mwadini ndiye aliyekuwa akimfasiria Waingereza wa London: hii taarifa ya habari, huyu anafundisha kupanda mawaridi, sasa mchezo wa kuigiza, mke kamfumania mume. Walikuwa wakifunga marobota ya nguo huku wakibishana nani mkosa. Leo maneno yamepita kutwa kama mvua juu ya bati.

Alasiri watu wa redioni wakaangua kicheko. Mwanakhamis akacheka nao, akageukia kitanda.

"Wamesemaje, Baba Rahim?"