Tairi Lililoshuka Paani

"Upepo tu, mama. Sikuombi kingine."

Donatus alilisimamisha tairi la akiba mbele ya Nyamizi, fundi wa matairi, akalipigapiga mgongoni kama anayenadi ndama. Nyuma yake, pembeni mwa barabara ya Bulyanhulu, Noah yake ilikuwa imeinuliwa kwa jeki, tairi la mbele limechanika ubavuni, jeraha la kutozibwa na kiraka chochote. Abiria, wengi wao wachimbaji, walikuwa wameshuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na hapo alisimama Rhoda, binti wa Nyamizi, akilinda sufuria zake mbili, moja ya wali, moja ya maharage. Kila asubuhi alisafiri na gari hili kwenda kuwauzia chakula watu wa machimboni.

Nyamizi hakuigusa pampu. Tairi lile alilijua. Jana Donatus alimletea likiwa kipara, akamtaka alichonge kashata, yaani alikate mifereji mipya kwa kisu cha moto ili lionekane zima. Akakataa. Mpira uliobaki ulikuwa mwembamba; ukichonga, unakutana na nyuzi. Donatus akaondoka amenuna. Leo kashata hizo hapo, nyeusi, zimenyooka, zinapendeza kuliko za dukani.

"Amekuchongea Magesa wa stendi."

"Magesa hana maneno mengi."

"Na kabla ya jana ulilihifadhi wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Chumbani? Ulilifunika shuka?"

Wachimbaji wakacheka. Nyamizi hakucheka. Alipitisha kidole ubavuni mwa tairi. Palikuwa na mistari ya kutu, imefuatana kama migongo ya bati, na kati ya mistari mpira ulikuwa umeota magaga kama kisigino cha mtu wa shamba. Jua la kiangazi kizima lilikuwa limekaa humo.

"Kitendawili," akasema.

"Jamani, huyu mama! Watu wanachelewa!"

"Tega!" mchimbaji mmoja akaitika kwa mazoea.

"Jana nilikalia nyumba upepo usiichukue. Leo nimeumeza upepo, naambiwa nikimbie. Mimi nani?"

"Mama mkwe!" mwingine akadakia, na kicheko kikapasuka upya.

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ndio wa kukaa juu ya tairi hili, na hawa ndio wanaocheka.

"Tairi la juu ya bati," Rhoda akasema polepole, bila kumtazama mama yake. Tangu utotoni hakuna kitendawili cha mama kilichomshinda. Kisha akafoka, kama aliyejikwaa mbele za watu: "Tumesikia, mama! Kila gari nikipanda unanitia aibu. Wali unapoa. Wenzangu wameshapanga meza."

"Msikilize mwanao," Donatus akasema, akiunyakua mpira wa pampu. "Na madereva wenzangu nitawaambia: hapa kwa Mama Rhoda panauzwa vitendawili, upepo hakuna."

Nyamizi aliinama. Kwa kifunguo chake kidogo alizungusha mara chache, akakitoa kisindano cha vali. Upepo uliokuwa umebaki ukatoka kwa mluzi mrefu, tairi likalegea. Kabla Donatus hajamfikia, kisindano kilikuwa chini ya ulimi wa Nyamizi.

"Mama, tema!"

Akatikisa kichwa.

"Una wazimu!" Donatus akaita bodaboda, akalipakata tairi, akapotea kwenye vumbi la kuelekea stendi.

Alirudi wachimbaji hawajamaliza kusimuliana. Tairi lilikuwa limetiwa kisindano kingine, limevimba, kashata zinang'aa. Alilifunga mwenyewe, akakaza nati kwa kuikanyaga spana, akashusha jeki. Noah ikakaa sawa, kama gari lolote.

"Haya, twende!"

Wakaingia, wakisukumana. "Mayu, mama yetu, ubaki salama na msumari wako wa mdomoni!" mmoja akamwambia Nyamizi dirishani.

Nyamizi alitaka kumwita binti yake. Ulimi uligonga chuma, ladha ya kutu ikamjaa mdomoni, na jina halikutoka.

Rhoda alikuwa bado kwenye mlango wa nyuma. Donatus alipiga honi. Rhoda akalitazama tairi, akautazama mdomo wa mama yake uliofumbwa. Akachukua kitambaa, akaitoa garini sufuria ya maharage, akaishusha taratibu mpaka chini, vumbini.

Honi ikalia tena. Mkono wake mmoja ulikuwa bado juu ya mfuniko wa ile ya wali, iliyobaki ndani ya gari.