Kikopo cha Balthazar

Kila Jumapili mama mkwe wangu hupiga simu kutoka Bukavu, na kila Jumapili huuliza tumbo langu lina nini. Habari za mwanawe haulizi. Miaka minne ya ndoa nilikunywa kila mzizi aliotutumia, mume wangu Balthazar akinitazama kwa huruma, kama mtu asiyehusika.

Mwaka wa 2021, Sydney ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, daktari alitupigia simu hapa Blacktown. Akasema safari hii aanze kupimwa mume. Akaongeza kwamba kemikali za baadhi ya plastiki huenda zikapunguza mbegu za kiume. Utafiti bado unaendelea, ila tusipashe chakula moto ndani ya vyombo hivyo. Balthazar alisikia hilo la plastiki tu.

Kufikia jioni mabeseni, ndoo na vikopo vya majarini vyote vilikuwa barazani. Kazini kwake, kwenye bohari ya Ingleburn, alienda na fufu, ugali wetu, ndani ya sufuria kubwa, kaipakata kwenye treni, barakoa usoni. Wenzake walidhani anahama nyumba. Nilicheka, lakini hasira nilikuwa nayo.

Kisha kliniki ikatuletea kikopo cha kutilia mbegu. Cha plastiki. Balthazar alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Daktari akamweleza kwamba kile kimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Yeye akauliza kama glasi ya chai haifai. Glasi yangu ya chai! Hapo nikachoka.

"Wewe hauogopi plastiki," nilimwambia. "Unaogopa jibu. Miye nimeogopa peke yangu miaka ine."

Jumapili mama yake akapiga, akaanza wimbo wake. Balthazar akaninyang'anya simu.

"Mama, wachana na Nsimire. Kesho wananipima miye."

Mama akataka kujua kwa nini. Balthazar akamweleza mambo ya plastiki, taratibu, bila kunilaumu hata mara moja. Nikatega sikio nimsikie akichomwa, maana mkuki kwa nguruwe mtamu.

"Balthazar," mama akasema, "nilikuwa nakuogesha mu beseni ya plastiki. Basi ni miye nilikuharibu."

Lawama ile niliisubiri miaka minne imrudie mwenyewe. Nilitaka kucheka, nilitaka hata kupiga vigelegele. Lakini alikuwa analia, na kilio kile nakijua vizuri. Nikachukua simu.

"Mama, usilie," nikamwambia. "Hata hawajapima bado."