Herufi za Wapagazi

Jilala alikuwa na mwandiko mzuri mpaka makarani wa boma la Tabora walimwita awaandikie anwani za barua. Lakini kusoma Kiingereza kwa sauti, lo! Alikiokota vitabuni peke yake, na kilimtoka mdomoni herufi kwa herufi, hakuna iliyosamehewa. Sasa, baada ya miaka kumi na miwili ya utarishi, kupeleka barua kwa baiskeli hadi Ulyankulu kwa jua na mvua, nafasi ya ukarani ilitokea. Bwana Shauri, Mzungu aliyesimamia boma, alisema kila mwombaji atasoma ukurasa mmoja mbele yake siku ya Jumatatu. Jilala aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Magoti yake yalikuwa yamekwisha.

Basi akamwendea Omari, mpishi wa Bwana Shauri. Omari hakujua hata kuandika jina lake, ila alikuwa amesikiliza Kiingereza cha mezani miaka mingi na kila neno alilijua linavyotamkwa. Kasoro yake moja tu: alikuwa Mzaramo na Jilala Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakifuatana njia moja kwenda pwani na kurudi. Mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia kuku wako unacheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Wiki nzima walikaa nyuma ya jiko, Omari akimenya viazi. Jilala alitaja kitu kwa Kiswahili, Omari akakisema kwa Kiingereza, kisha Jilala akatazama kitabuni ni herufi gani haikusikika. Kisu, yaani knife, kina K mbele, haisemwi. Mwanakondoo, lamb, ana B nyuma, na kaburi, tomb, vilevile; imenyamaza kimya. Jilala akauliza, sasa hizi zisizosemwa zinafanya nini humo?

"Hao ni babu zako wapagazi," Omari akasema. "Wamebeba mzigo, pumzi ya kusema wataitoa wapi?"

Jilala alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo hakusahau hata moja. Ndipo Omari, bila kuinua macho kwenye viazi, akamwongezea kwamba Mzungu mwenye adabu akifika kwenye herufi ya namna hiyo huinamisha kichwa kidogo. Heshima tu. Na mtu mzima huyu, ambaye Omari alikwisha kumnywesha chai ya chumvi mara mbili, akaamini! Mwenye shida hachagui, jamani.

Jumatatu waombaji wengine watatu, vijana waliotoka shule, walisoma mbiombio na kujikwaa kila penye herufi isiyosemwa. Zamu ya Jilala ikafika. Akasoma polepole. Kwenye K akainama. Kwenye B akainama. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa habari za safari, umejaa visu na makaburi, basi akawa anainama kama kuku anayekunywa maji. Bwana Shauri, aliyekuwa akifuatisha kwenye nakala yake, akaweka kiko chini na kumwuliza anamwinamia nani.

Hapo hapo mlango ukafunguka, Omari akaingia na sinia la chai, midomo ameibana, vikombe vinagongana. Jilala akaelewa. Aibu ilimwaka usoni. Bwana Shauri akauliza tena, kwa ukali sasa, ni nani aliyemfundisha mzaha huo. Jina moja tu, na mpishi angefunga virago siku ile ile. Lakini utani haupelekwi barazani; tangu enzi za mababu haujapelekwa. Jilala alitafuta uongo wa haraka, akashika ukweli.

"Nimejifundisha mwenyewe, Bwana," akasema. "Babu yangu alikufa njiani akibeba pembe kwenda Bagamoyo. Mzigo ulifika, jina lake halikutajwa. Nikikuta herufi imo kazini na haitajwi, namkumbuka yeye."

Vikombe viliacha kugongana. Bwana Shauri akaufunika ukurasa wake, akasema kwamba hakuna hata herufi moja iliyompita. Akamwambia kesho aje akae kwenye meza ya makarani, ila kichwa kikae juu.

Jilala alipotoka, Omari alikuwa akimngoja nyuma ya jiko na paja la kuku lililokuwa la Bwana. Machozi yalimlengalenga, na Jilala akadhani leo mtani wake ataomba radhi.

"Ningejua utashinda," Omari akasema, "ningekwambia upige magoti."