Kipimo cha Saa Tatu na Nusu

Atuganile alisoma daftari la Asajile mara mbili kabla ya kuuliza chochote. Dreva ya zamani: fremu, yaani picha, ishirini na mbili kwa sekunde. Dreva mpya: arobaini na moja. Mchezo uleule wa mbio za magari, kompyuta ileile.

"Karibu mara mbili," alisema.

"Si ndicho tulichotaka, Mwalimu?" Asajile alijibu. Alikuwa fundi wa kompyuta, na kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka mpakani.

Dreva ni programu inayoiongoza kadi ya picha. Hii ilikuwa ya bure, kazi ya watu wa kujitolea walio nchi mbalimbali, na katika toleo jipya walikuwa wamebadilisha sehemu inayotafsiri maelekezo ya mwanga na vivuli. Walisubiri vipimo kutoka kwa wenye kadi za zamani. Mwaka uliotangulia, 2013, Atuganile, mwalimu wa fizikia, aliwatumia vipimo vyenye kosa. Walimjibu kwa adabu, kisha hawakumjibu tena. Ripoti hii ilibeba majina mawili, lake na la Asajile, na lake lisingestahimili kosa la pili.

Alifungua kumbukumbu za kompyuta. Dreva mpya iliwekwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Daftarini, kipimo chake cha kwanza kilikuwa cha saa tatu na nusu.

"Uliipimaje dreva ambayo haijawekwa?"

"Niliipima baada ya kuiweka."

"Daftari linasema dakika hamsini kabla."

"Basi daftari limekosea."

"Mwandiko ni wa nani?"

Asajile aliweka bisibisi mezani. "Umeniita mwongo kwa heshima sana, Mwalimu. Ungesema tu."

Atuganile alifuta jina la Asajile kwenye ripoti. Asajile aliona.

"Saa uliisoma wapi?"

"Kwenye simu. Huwa naiweka dirishani, ndipo penye mtandao."

Dirisha lilielekea Nakonde, upande wa Zambia. Atuganile aliiweka simu pale kwa mkono wake, akasimama kuitazama. Baada ya dakika kadhaa jina la mtandao lilibadilika, na saa nane na dakika kumi ikawa saa saba na dakika kumi.

"Mnara wa ng'ambo, kwao saa iko nyuma yetu kwa saa moja," Asajile alisema. "Nimeshauzoea, hata siuoni."

"Hilo linaeleza saa: ulipima saa nne na nusu. Halielezi arobaini na moja."

Alirudisha dreva ya zamani, akapima: ishirini na mbili. Akaweka mpya, akapima mara tatu kwa saa ya kompyuta: arobaini, arobaini na moja, arobaini na moja.

Aliandika upya jina la Asajile, safari hii juu ya lake, akaongeza mstari kueleza tofauti ya saa, akatuma.

"Na ile ya kuniita mwongo," Asajile aliuliza, "umeiandika wapi?"

"Haimo. Ile sikuipima."